Fundi Aliyenionyesha Ufa

Fundi hakuanza kwa kugusa pikipiki. Alianza kwa kukuuliza ni mkono upi unaokuuma. Mara ya kwanza nilipompelekea yangu, nyuma ya maduka ya Kibondo alikokuwa na karakana ya mabati manne na kreti moja la soda, nilidhani ananitania. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuwauliza watu maswali ya namna hiyo. Nikamwambia ni wa kulia, kwenye kiwiko, na maumivu yanapanda mpaka begani.

"Basi inakuvuta kushoto," akasema, "na wewe unagombana nayo siku nzima kwa mkono wa kulia. Ulianguka wapi?"

"Sijaanguka."

"Sista. Ulianguka wapi?"

Nilikuwa nimeanguka wiki mbili nyuma, kwenye tope la Kitahana, na sikuwa nimemwambia mtu. Katika mradi wetu wa chanjo nilikuwa mwanamke pekee aliyepewa pikipiki, na walikuwapo watu waliokuwa wakisubiri nianguke ili wapate la kusema. Nikamwambia yeye. Hakucheka. Alilegeza boliti zinazobana shokapu za mbele, akalegeza na ekseli, akalibana gurudumu katikati ya magoti yake na kuuzungusha usukani kidogo, kama mtu anayemgeuza mtoto shingo bila kumwamsha. Kisha akaikandamiza mbele mara tatu, akaiacha iinuke yenyewe, akaanza kukaza kutoka chini kwenda juu.

"Haijapinda," akasema. "Imejinyonga tu. Ukianguka tena njoo siku hiyohiyo, usinisubirishe."

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo Warundi walikuwa wakivuka mpaka kila juma, wakiwa na mikeka na sufuria kichwani, na kambi zilikuwa zikiota kwenye misitu kati ya Kibondo na Kasulu. Mashirika yalikuja na pikipiki nyingi. Barabara zilikuwa zilezile. Pikipiki ya kazi ilikwisha mbele kabla ya kwisha kwingine kokote, na mbele kulikuwa ni kazi ya mtu mmoja. Mafundi wengine walijua injini. Yeye injini hakuipenda. Alisema injini ikifa unasukuma, unafika nyumbani umechoka. Mbele kukifa, hufiki.

Nilimfahamu kwa miaka karibu saba. Alikuwa mrefu, amepinda mgongo kidogo, ana kikohozi cha asubuhi ambacho hakutaka kukitibu. Shati lake lilikuwa la kaki, na sikumbuki kuliona jingine isipokuwa Jumapili, siku ambayo alivaa jeupe na kuimba besi kanisani. Mikono ilikuwa kitu kingine. Kabla ya kufungua shokapu aliiosha kwa majivu na sabuni, akaisuuza, akaikausha kwa kitambaa ambacho mkewe alikifua peke yake, mbali na nguo nyingine. Chembe moja ya mchanga ikiingia, alisema, itakula sili, ule mpira unaozuia oili, na sili ikiliwa oili itatoka, na oili ikitoka utakuwa umepanda mbuzi. Nimefanya kazi wodini na watu waliosomea usafi ambao hawakunawa namna ile.

Uchunguzi wake nilikuja kuujua kwa moyo. Aliweka kreti chini ya injini ili gurudumu la mbele lielee hewani. Akaushika usukani kwa vidole viwili, akauacha uanguke wenyewe kulia, kisha kushoto. Ukisita katikati, hata kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo, alisema gololi za shingoni zimechimba. Halafu alichuchumaa, akashika miguu ya shokapu kwa chini, akavuta na kusukuma huku amefumba macho. Kukiwa na mgongano hafifu, *ko*, alijua shingo imelegea. Mwisho aliishusha chini, akaminya breki ya mbele na kuikandamiza kwa uzito wake wote, na hapo alikuwa akizuia pumzi mpaka inyanyuke. Ikirudi haraka, oili imepungua au imekuwa maji. Isiporudi, kuna kitu kimepinda ndani.

Kupima oili alitumia spoki ya baiskeli aliyoitia alama kwa tupa, kwa sababu alisema shokapu mbili zisizo na kiasi sawa ni sawa na watu wawili wanaobeba jeneza, mmoja mrefu mmoja mfupi. Kujua kama bomba limepinda aliliviringisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akainama mpaka shavu lake likagusa meza, akatazama kama mwanga unapita chini yake.

Kuna mwaka alikuja kijana wa shirika fulani, analalamika kwamba pikipiki yake asubuhi ni ngumu kama gogo na mchana ni laini kama godoro. Fundi alifungua kifuniko cha juu cha shokapu, akachovya spoki, akainusa, akaionja kwa ncha ya ulimi. Akakaa chini. Yule kijana alikuwa ametia mawese. Oili ilimwishia kambini, akaomba jikoni. Na baridi ya Kibondo mwezi wa saba unaijua, mawese yaliganda usiku kucha yakayeyuka saa sita. Ndiyo siku niliyomwona Fundi akicheka mpaka machozi, na kila aliyepita alimwita: "Njoo unuse! Njoo unuse, huyu anakaanga samaki humu ndani!" Kisha uso ukabadilika ghafla, akamgeukia yule kijana na kumfokea mbele ya watu mpaka nikaona haya mimi. Alimwambia angekufa. Alimwambia angemwua mtoto wa mtu barabarani. Alimwambia aondoke, arudi kesho kutwa, asisimame pale.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa chuma alikuwa mpole, kwa watu alikuwa mkali, na aliyedanganya kuhusu namna alivyoanguka hakuhudumiwa mpaka aseme kweli. Lakini yeye mwenyewe, kuhusu nafsi yake, hakusema kweli hata kidogo. Alimwambia polisi mmoja kwamba yeye ni Muha wa Heru. Mzee wa duka la vipuri, mtu wa pwani aliyempangisha karakana, alijua anatoka upande wa Kongo. Mkewe alikuwa Muha wa Kitahana, na nilipomwuliza mama huyo alinijibu, "Ni mume wangu, nimjue vingine vya nini?" Mimi nilipomwuliza mwenyewe alisema, "Wa hukuhuku, sista." Ila aliposhtuka alisema *Mana yanje*, Mungu wangu, na alipohesabu kwa siri alihesabu kwa Kirundi, na kila mtu sokoni alijua alikuja miaka mingi nyuma, katika wimbi la kwanza, kabla sisi wa mradi hatujafikiria kuja Kibondo. Kipindi kile hakuna aliyeona ubaya. Nusu ya mji ilikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka.

Na hakupanda pikipiki. Alizijaribu kwenye uwanja wa mpira, mwendo wa mtu anayetembea, ameachia usukani na kuweka mikono mapajani ili aone inataka kwenda wapi. Hapo basi. Kwenda shambani kwa mkewe Kitahana alikwenda kwa miguu, na ukimpita ukampa lifti alikataa. "Mimi nimeziona ndani," alisema.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana haya mengine yote ningeweza kuyasimulia kwenye harusi.

Katika mradi wetu alikuwapo mwenzangu aliyeitwa Filimoni, mtu wa Titye, upande wa Kasulu. Kazi yake ilikuwa kupeleka masanduku ya barafu yenye chanjo kutoka Kibondo hadi kambini na vijijini. Alikuwa mnene, mchangamfu, anayempigia honi kila bibi kizee. Msimu mmoja wa mvua aligonga ng'ombe. Ng'ombe aliinuka akaenda zake, pikipiki ikaletwa kwa Fundi juu ya gari, bomba la kushoto la shokapu limepinda kuelekea nyuma.

Bomba jipya lilikuwa Dar es Salaam. Na wiki ileile surua iliingia kambini. Niliiona kwa macho yangu: watoto wamevimba macho, kikohozi, mama mmoja alinipa mtoto nimchome sindano na mtoto alikuwa amekwisha kufa mgongoni mwake bila yeye kujua. Nasema hili ili isionekane kwamba mkuu wetu wa usafiri alikuwa mtu mbaya tu. Alikuwa na surua mezani. Alikuwa na barafu inayoyeyuka na pikipiki moja pungufu.

Alikuja karakana asubuhi. Mimi nilikuwa pale nikisubiri sili zangu zibadilishwe, nimekaa juu ya tairi bovu. Fundi alikuwa amelinyoosha lile bomba kwa jeki, kwa sababu aliagizwa alinyooshe, na kwenye kioo lilipita, mwanga haukuonekana. Lakini alikuwa amelilaza juu ya meza na hataki kulifunga.

"Bado nini?" mkuu akauliza.

"Nikuonyeshe."

Alilipaka mafuta ya taa pale linapobanwa na shingo ya chini, akalifuta kwa kitambaa kile cha mkewe mpaka likakauka kabisa. Kisha akasaga chaki kwenye kiganja, akaipaka juu, nyeupe pe. "Ngojeni," akasema. Tukangoja. Dakika chache tu. Katika weupe ule ukaanza kutokea mstari, mwembamba kama unywele, wa rangi ya uchafu, umezunguka bomba karibu nusu. Mafuta ya taa yalikuwa yamejificha ndani ya ufa na sasa yanatoka.

Mkuu alitazama kwa mbali. Fundi akanigeukia mimi. "Sista, wewe una macho ya sindano. Njoo uone."

Nikaenda. Nikaweka kidole changu juu ya ule mstari. Nikauona, nikasema, "Naam, ni ufa."

"Hapo ndipo litakatika," Fundi akasema. "Si leo labda. Likipigwa mara elfu litakatika, na barabara hii inapiga mara elfu kabla ya saa nne."

"Surua haingoji vipuri," mkuu akasema. "Funga."

"Oya," Fundi akakataa kwa Kirundi. "Sifungi."

Mkuu wetu hakupandisha sauti. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alitazama karakana, mabati, kreti, akauliza kwa utaratibu kama anayeuliza bei ya nyanya, "Fundi, wewe una karatasi gani ya kukaa mjini hapa?"

Fundi alikunja kile kitambaa cha mkewe.

"Wote wasio na karatasi wanatakiwa kambini. Unajua hilo. Mimi nakaa kikao kimoja na wanaoandika hayo majina. Sijawahi kukutaja." Akaweka daftari la magari mezani, pembeni ya bomba lenye chaki, na kalamu juu yake. "Andika imekaguliwa, iko sawa. Weka sahihi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Nilitazama viatu vyangu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na ni yeye aliyekuwa anapeleka maoni. Nina watoto watatu na mume wangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Hayo ni kweli yote, na nimeyarudia kichwani mara nyingi kiasi kwamba yameanza kunichosha mimi mwenyewe.

Fundi aliifuta chaki. Akafunga bomba. Akasaini.

Filimoni alipokuja kuchukua pikipiki, Fundi alimshika mkono na kumwambia aende taratibu, asiguse breki ya mbele kwenye mteremko, na kila jioni ailete aitazame. Filimoni alicheka, akamwambia, "Fundi, wewe unaniombea au unanifundisha?" Jioni ya kwanza aliileta. Ya pili pia. Siku ya tatu, asubuhi, kwenye mteremko wa ng'ambo ya Kitahana unaoshuka kijitoni, bomba la kushoto lilikatika palepale penye ufa.

Waliomkuta walikuwa wanawake waliokwenda kuchota maji. Walisema sanduku la barafu lilikuwa zima. Liliwekwa kwenye baiskeli, likafika kambini mchana, na chanjo zikatumika siku ileile. Mimi ndiye niliyezichoma. Nilikuwa sijaambiwa bado zimefikaje.

Kikao cha kuchunguza kilifanyika ofisini kwetu siku ya tano baada ya mazishi. Mkuu wa usafiri alileta daftari. Sahihi ilikuwapo, maneno yalikuwapo, kwa mwandiko ule wa Fundi wa herufi zinazolala. Fundi aliletwa, amevaa shati jeupe la Jumapili. Alieleza yote tangu mwanzo: jeki, mafuta ya taa, chaki, ufa. Alieleza hata swali la karatasi. Wakaulizana kwa macho. Mmoja akamwuliza kama ana shahidi.

"Yupo," akasema. "Sista aliuona ufa. Aliugusa."

Wakaniita. Niliingia, nikakaa kwenye kiti cha pembeni ya dirisha. Fundi alikuwa mbele yangu, mikono yake ikiwa magotini, imeoshwa. Mkuu wa usafiri alikuwa anaandika kitu, hakuinua kichwa. Wakaniuliza kama niliwahi kuuona ufa wowote katika bomba la pikipiki ya marehemu.

Nikasema, "Mimi ni muuguzi. Mambo ya pikipiki siyajui."

Wakauliza, "Kwa hiyo hukuuona?"

Nikasema, "Sikumbuki kuona."

Nilitegemea Fundi angenifokea kama alivyomfokea yule kijana wa mawese. Laiti angenifokea. Alinitazama tu, akaegemeza kichwa upande mmoja, namna alivyofanya aliposikiliza shingo ya usukani. Kisha akawageukia wale waliokaa na kusema, "Basi."

Alikaa mahabusu wiki kadhaa. Kesi haikufika popote, ila hakurudi Kibondo. Ulikuwa wakati ule ambapo Warundi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini, hata wale wa zamani, hata wenye wake Waha na mashamba, walikuwa wakikusanywa na kupelekwa kambini. Alitolewa mahabusu akapandishwa lori la kwenda upande wa Kasulu. Mkewe alifunga shamba, akamfuata. Mzee wa duka la vipuri aliiweka spoki ya Fundi ya kupimia oili kwenye droo, na kila nilipokwenda kununua kitu alinisalimu vizuri, lakini hakunikaribisha tena kiti. Mkataba wangu uliongezwa.

Zilipita karibu miaka mitatu. Nilikuwa nimehamishiwa Kasulu. Siku moja tulikwenda kambini kuchoma sindano za watoto, tukaweka meza chini ya turubai, na watu wakapanga mstari. Nilikuwa nimeinama natafuta bega la mtoto nikasikia kikohozi. Nilikijua kabla sijainua uso.

Alikuwa amembeba mtoto wa jirani ambaye mama yake alikuwa mgonjwa. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa la msaada, lina maandishi ya lugha nisiyoijua.

"Mwakeye, sista," akanisalimu kwa Kirundi.

Nikamchoma mtoto, nikamwomba mwenzangu anishikie kazi, nikamfuata Fundi mpaka nyuma ya turubai walikopanga madumu ya maji. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka mitatu na hakuna hata moja lililokuja. Nikasema, "Niliuona ufa."

"Ego, ndiyo. Najua uliuona. Nilikuonyesha mimi."

"Nilisema uongo, Fundi."

Alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine. Aliposema hakuwa akinijibu mimi.

"Unajua kinachoninyima usingizi? Si ile sahihi. Sahihi mkuu angeipata tu, kama si kwangu kwa mwingine. Ila nilikuwa na jioni mbili. Filimoni aliniletea pikipiki jioni ya kwanza, akaniletea jioni ya pili. Ningeweza kuchomoa ekseli nikaitupa chooni. Pikipiki isiyo na gurudumu haiendi popote, hata mkuu akasirike vipi. Wangenifukuza, wangenipeleka kambini." Akatazama mahema kulia na kushoto. "Na hapa ndipo nilipo. Sikuwaza. Mimi niliyechunguza kila kitu, hilo sikuliwaza mpaka nilipoambiwa amekufa."

Nikamwambia si kosa lake. Akakasirika, ule ukali wake wa zamani ukarudi mara moja: "Usinipake mafuta, sista! Nimeuliza kosa ni la nani? Mke wake yuko hai?"

Nikasema yuko, Titye, na watoto.

"Anasemaje?"

Nilijua anavyosema. Kila mtu alijua. Anasema mume wake aliuawa na fundi wa Kirundi aliyesaini pikipiki mbovu.

"Nenda ukamwambie," Fundi akasema. "Kikao kimekwisha, hao sina haja nao. Mwambie yeye."

Ilinichukua majuma matatu kwenda. Mama Neema, mjane wa Filimoni, nilimkuta anaanika maharage uani. Alinifahamu, alinipa kigoda, akaniuliza habari za kazi. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa sitamaliza. Nikamweleza ufa, chaki, daftari, swali la karatasi, na kikao. Hakunikatiza. Aliendelea kuchambua maharage, ila niliona anatupa mazima na mabovu upande mmoja.

Nilipomaliza akauliza, "Yuko kambi gani?"

"Mama, mimi nimekuja kukuambia tu."

"Nimesikia. Yuko kambi gani?"

Tulikwenda Jumatano iliyofuata. Alikuja Kasulu kwa lori la mihogo, amevaa kitenge kile alichokivaa kwenye mazishi, na toka mjini nilimpakia nyuma yangu. Njia nzima hakunishika kiuno, alishika chuma cha nyuma. Kambini tulimkuta Fundi nje ya kibanda chake cha udongo, anamnyooshea mtu ringi ya baiskeli. Alipomwona mwanamke aliyefuatana nami aliweka ringi chini, akasimama. Sijui alimjuaje. Hawakuwa wamewahi kuonana.

Mkewe alileta vigoda viwili na mkeka. Mama Neema hakukaa.

"Wewe ndiye Fundi?"

"Ni mimi, mama."

"Huyu sista ameniambia maneno. Nataka niyasikie kwako. Uliwaambia kwamba ni mbovu?"

"Niliwaambia."

"Uliwaonyesha?"

"Niliwaonyesha."

"Kisha ukasaini."

"Kisha nikasaini." Sauti yake ilikuwa chini, lakini hakuinamisha kichwa. "Niliogopa kuletwa hapa. Nikasaini, nikaifunga kwa mikono hii, nikampa mume wako. Mama, nilijua. Sitakudanganya kwamba sikujua."

Nilidhani atampiga. Nadhani hata Fundi alidhani hivyo, kwa sababu aliishusha mikono yake kando, akaiacha. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni amejiziba mdomo kwa kanga. Mama Neema alimtazama kuanzia miguuni hadi usoni, taratibu, kama anayetafuta mahali. Kisha akaketi, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kama watu wanavyokaa msibani, akalia. Alilia kwa muda mrefu. Fundi naye aliketi, mbali kidogo, kwenye vumbi. Hakuna aliyesema pole.

Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge, akaomba maji. Mke wa Fundi akayaleta kwenye kikombe cha bati. Akanywa yote.

"Wanangu wanasema Mrundi alimuua baba yao," akasema. "Ni mimi niliyewafundisha. Mkubwa anawatupia mawe Warundi wakipita na kuni. Nikirudi nitawaambia vingine. Nitawaambia ni watu watatu. Mkubwa wa ofisi aliyeamuru. Fundi aliyesaini." Akanigeukia. "Na sista."

Fundi alikohoa. "Mama, sista hakushika spana. Wala kalamu hakushika."

"Alishika mdomo wake," Mama Neema akasema.

Fundi alifungua kinywa kunitetea tena. Nikamwekea mkono kumzuia, nikasema, "Mwache, Fundi. Amehesabu vizuri."